Maisha ya Sir Archibald McIndoe, Mganga wa Nyuso Zilizoungua

Moto ni rafiki wa kila nyumba katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti. Asubuhi huchemsha uji, jioni huivisha ugali, na usiku wa baridi kule kwenye miinuko ya Tarime wazee hukaa wakiuota na kuzungumza. Lakini rafiki huyu akikasirika hana simile. Mtoto anayetambaa huangukia mafigani. Sufuria ya maji yanayochemka humwagika. Mgonjwa wa kifafa huanguka motoni asijijue. Petroli iliyowekwa ndani ya chupa hulipuka karibu na kibatari. Wengi huponyeka roho zao, lakini hubaki na alama isiyofichika kwa nguo, kwa kuwa iko usoni. Na mwenye alama hiyo hupata jeraha la pili, nalo ni macho ya watu.

Habari tunayowaletea wasomaji wetu muhula huu ni ya mtu aliyeyatibu majeraha hayo yote mawili. Jina lake ni Sir Archibald McIndoe. Hakuwa mtu wa Afrika, lakini miaka yake ya mwisho iliungana na nchi yetu, kama tutakavyoona.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Archibald Hector McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei, 1900, katika mji wa Dunedin, nchi ya New Zealand. Baba yake alikuwa na kazi ya kupiga chapa, na mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji wa picha. Watoto wao walikuwa wanne. Mtu aweza kusema kwamba kijana huyu alirithi kwa wazazi wote wawili: kwa baba alipata mkono wa fundi, na kwa mama jicho la kutambua sura ya mwanadamu.

Alisoma katika shule ya wavulana ya Otago, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Otago, akahitimu udaktari. Halafu alichaguliwa kwenda Marekani, katika hospitali mashuhuri ya Mayo Clinic, mjini Rochester, jimbo la Minnesota. Huko alikaa miaka kadhaa akichunguza magonjwa ya ini na kujifunza upasuaji wa tumbo. Walimu wake walimsifu, na kama angependa kubaki huko angekuwa mtu mwenye mali na jina.

Lakini mwaka 1930 alivuka bahari tena akaenda London pamoja na mke wake na mtoto wao mchanga, kwa kuwa alitumaini kupata kazi kubwa huko. Alipofika, kazi ile haikuwako. Daktari hodari, mwenye umri wa miaka 30, alijikuta katika mji mkubwa na baridi kali, hana kazi wala fedha za kutosha. Katika dhiki ile alimkumbuka jamaa yake mmoja aliyekuwa akiishi London, mzaliwa wa Dunedin kama yeye. Alikwenda kubisha mlangoni kwake, na mlango ule ndio uliobadili maisha yake.

JAMAA YAKE, HAROLD GILLIES

Jamaa huyo alikuwa Sir Harold Gillies, aliyezaliwa mwaka 1882. Yafaa tumweleze kidogo, maana mwanafunzi hajulikani vema pasipo mwalimu wake.

Katika Vita Kuu ya Kwanza askari walipigana wakiwa ndani ya mahandaki. Mwili ulifichwa na udongo, lakini kichwa kilichungulia, na kwa hiyo risasi na vipande vya mizinga viliwapata wengi usoni. Wengine walipoteza pua, wengine taya, wengine midomo. Mwaka 1916 Gillies alianza kuwatibu askari hao katika hospitali ya Aldershot, na baada ya mapigano ya mto Somme wagonjwa wapatao 2,000 waliletwa kwake. Mwaka 1917 hospitali maalumu ilifunguliwa kwa ajili ya kazi hiyo huko Sidcup, na humo walitibiwa watu zaidi ya 5,000.

Kazi hiyo huitwa upasuaji wa plastiki. Jina hilo halina maana ya ndoo na mifuko ya plastiki tunayoijua. Limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kufinyanga, kama mfinyanzi anavyofinyanga chungu. Wala kazi yenyewe haikuanzia Ulaya. Tangu zamani sana waganga wa Bara Hindi walikuwa wakitengeneza pua mpya kwa ngozi ya shavu au ya paji la uso, na Wazungu waliijua kazi hiyo kwa kuwatazama hao.

Gillies alimpokea ndugu yake, akamfundisha ufundi huo. McIndoe alipata pia kazi katika hospitali ya London ya magonjwa ya nchi za joto, akafundisha huko. Alijifunza upesi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, katika Uingereza nzima walikuwamo mabingwa wanne tu wa upasuaji wa plastiki, na watatu kati yao, yaani Gillies, McIndoe na Rainsford Mowlem, walikuwa wazaliwa wa New Zealand.

MOTO WA NDEGE ZA VITA

Mwaka 1938 McIndoe aliteuliwa kuwa mshauri wa upasuaji wa plastiki katika jeshi la anga la Uingereza. Mwaka uliofuata alipelekwa katika hospitali ndogo iitwayo Queen Victoria, katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini ya London.

Kati ya mwezi Julai na Oktoba, 1940, ndege za Wajerumani na za Waingereza zilipigana kila siku juu ya anga la Uingereza. Marubani wengi wa Kiingereza walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu. Ndege zao zilikuwa na tangi la petroli mbele ya kiti cha rubani. Risasi ikilipiga, moto huingia alipoketi kwa muda wa sekunde chache. Aliyevaa glovu na miwani yake aliokoka vizuri zaidi. Aliyezivua apate kuona vema au kushika vizuri, aliungua mikono na uso. Kope, nyusi, pua, masikio na midomo viliteketea. Vijana hawa walioshuka kwa miavuli ndio walioletwa East Grinstead.

DAWA ILIYODHURU NA MAJI YALIYOPONYA

Hapo pana jambo ambalo kila mzazi katika wilaya zetu apaswa kulisikia.

Siku zile dawa iliyotumiwa hospitalini kwa majeraha ya moto iliitwa asidi ya tanini. Tanini ni ile inayopatikana katika magome ya miti kama miwati, na kazi yake inajulikana tangu kale: hutumika kutengeneza ngozi ya ng'ombe hata ikawa kavu na ngumu. Madaktari waliipaka juu ya jeraha ili lipate gamba la kulifunika. Juu ya mgongo au paja gamba hilo lilivumilika. Lakini usoni na mikononi lilileta maafa. Vidole vilikazwa vikakunjamana, na kope zilivutwa hata jicho lisiweze kufumbwa. Na jicho lisilofumbwa hukauka na kupofuka.

McIndoe alikuwa mtu wa kutazama sana. Aliona kwamba marubani walioangukia baharini walikuwa wakipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, ingawa waliungua sawasawa. Akajiuliza sababu, akaiona katika maji ya chumvi. Basi akaitupa tanini, akaanza kuwaweka wagonjwa wake ndani ya maji ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi kwa kipimo. Bendeji zilibanduka bila kurarua nyama, jeraha likawa safi, na viungo vikaweza kusogea majini bila maumivu makali. Alibishana na wakubwa wa utabibu hata wakakubali, na kabla ya mwaka 1940 kwisha tanini ikakatazwa kutumika juu ya nyuso na mikono.

Ndipo tunapojifunza kwamba si kila kinachofunika jeraha ni dawa. Madaktari wa Ulaya wenyewe, pamoja na elimu yao yote, walikuwa wakiwadhuru wagonjwa kwa kitu walichokiamini.

JINSI NGOZI ILIVYOPANDIKIZWA

Jeraha likiisha kusafika, kazi ya pili ilianza. Wasomaji wetu ni watoto wa wakulima, basi tutaieleza kwa mfano wa shamba.

Njia ya kwanza ni kama kupanda miche ya tumbaku. Mganga hukata ngozi nyembamba sana pajani, nyembamba kama karatasi, akaitandaza juu ya jeraha. Kwa siku za kwanza ngozi hiyo hunywa unyevu wa mahali ilipowekwa. Kisha mishipa midogo ya damu huingia ndani yake, nayo hushika. Paja huota ngozi tena, kwa sababu mizizi ya ngozi imebaki. Njia hii ni ya upesi, lakini ngozi nyembamba husinyaa. Kwa kope McIndoe alitumia ngozi laini iliyotoka upande wa ndani wa mkono.

Njia ya pili ni kama marando ya viazi. Kila mkulima ajua kwamba rando la kiazi likitambaa huotesha mizizi mahali papya huku likiendelea kulishwa na shina la kwanza. Na mizizi ikishashika, waweza kulikata kutoka shinani lisife. Ndivyo ilivyofanyika kwa ngozi nene iliyotakiwa kujenga pua. Ngozi ya tumbo ilikatwa pande mbili, ikaviringishwa na kushonwa ikawa kama mrija, huku ncha zake zote mbili zingali zimeshika mwilini na kupata damu. Baada ya majuma kadhaa ncha moja ilikatwa na kushonwa kwenye kifundo cha mkono. Ikishashika pale, ncha ya pili ilikatwa tumboni, na mkono ukainuliwa hata usoni, na ngozi ikashonwa mahali pa pua. Mgonjwa alikaa hivyo, mkono umefungwa usoni, kwa majuma mengine. Njia hiyo ya mrija ilibuniwa na Gillies mwaka 1917, na katika mji wa Odessa daktari aitwaye Vladimir Filatov alikuwa ameivumbua peke yake muda mfupi kabla yake.

Mtu aweza kuuliza kwa nini wasichukue ngozi ya mtu mwingine. Walijaribu, ikaoza. Mwili hukataa ngozi ya mgeni. Mtaalamu aitwaye Peter Medawar alianza kulichunguza jambo hilo kwa sababu ya watu walioungua vitani, na kazi yake ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Elimu hiyo ndiyo iliyowafaa baadaye wale wanaopandikiza figo.

NYUSI NA NDEVU

Wengine watacheka wakisikia kwamba daktari mkubwa alitumia saa nyingi kushona nyusi. Lakini mtazame mtu asiye na nyusi wala kope: uso wake ni kama nyumba isiyo na madirisha, huwezi kujua kama amefurahi au amehuzunika. Na mwanamume aliyezoea masharubu na ndevu, zikitoweka na mahali pake pakawa kovu linalong'aa, hujiona amepungukiwa na heshima yake.

Nywele zina ugumu wake. Mzizi wa unywele umezama chini sana katika ngozi, kwa hiyo ngozi ile nyembamba ya pajani haichukui mizizi. Ukitaka nyasi ziote mahali pengine, hapana budi kung'oa bonge zima pamoja na udongo wake. Basi kwa nyusi mganga alikata ukanda mwembamba wa ngozi ya kichwa, unene wake wote pamoja na nywele zake, akaupandikiza juu ya jicho. Ilimpasa aangalie nywele zimelala upande gani, asije akaupanda ukanda kinyume na nyusi zikaelekea puani. Kwa masharubu na ndevu mahali penyewe ni pakubwa zaidi, na ukanda mtupu ungeweza kufa. Hapo ngozi ya kichwa iliteremshwa usoni ikiwa bado imeshikamana na mshipa wake wa damu upitao penye kipaji, na baada ya kushika, sehemu iliyobaki ilirudishwa mahali pake.

Jambo la ajabu ni kwamba nywele hazisahau asili yake. Nyusi zilizotoka kichwani ziliendelea kurefuka kama nywele za kichwani, na mwenyewe alipaswa kuzipunguza kwa mkasi. Na mwenye kovu mdomoni, akishaota masharubu, kovu lake lilifichika.

Kazi hizi zote zilitaka subira. Wako waliopasuliwa zaidi ya mara 30, na matibabu yao yalichukua miaka. McIndoe alisaidiwa na Daktari John Hunter, aliyekuwa akitoa dawa ya usingizi, na muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, Jill Mullins. Alikuwa mtu mkali na mwenye amri, asiyependa uzembe, na wakubwa wengi serikalini walimwona msumbufu. Lakini wagonjwa walimpenda, kwa kuwa hakumficha mtu ukweli. Alimweleza kila mmoja atakachofanyiwa, na aliyetaka kutazama mwenzake akipasuliwa aliruhusiwa kuingia na kutazama.

MJI USIOKODOA MACHO

Sasa twafika kwenye jeraha la pili.

McIndoe alijua kwamba mkono wake una mpaka. Aliweza kumpa mtu pua, lakini haikuwa pua ile aliyozaliwa nayo. Kama kijana yule angetoka hospitalini na kukuta watu wakigeuza nyuso zao, au watoto wakikimbia, kazi yote ya miaka mitatu ingekuwa bure.

Kwanza alibadili desturi za wodi. Wagonjwa wa jeshi walilazimishwa kuvaa nguo za rangi ya samawati zilizowatambulisha kuwa wagonjwa. Yeye akawaruhusu wavae sare zao za jeshi. Maofisa na askari wa chini walilala pamoja bila ubaguzi wa vyeo. Palikuwa hata na pipa la bia ndani ya wodi, jambo ambalo hatuliletei mfano katika shule yetu, lakini yeye aliona kwamba vijana waliokata tamaa walihitaji kucheka kuliko kunyamazishwa. Tena aliipinga kanuni ya jeshi iliyosema kwamba mgonjwa asiyeweza kurudi kazini baada ya siku 90 aachishwe, hata kanuni hiyo ikaondolewa kwa watu wake.

Kisha akaenda kwa wenyeji wa mji. Aliwaeleza wazi vijana hawa wameungua kwa ajili ya nani, akawaomba wawakaribishe majumbani, wale nao, wacheze nao, na zaidi ya yote wawatazame usoni bila kushangaa na bila kuwahurumia kupita kiasi. Wenyeji walikubali. Katika mikahawa, katika majumba ya sinema na katika nyumba za watu, wagonjwa wa McIndoe walikaa kama wengine. Mji wa East Grinstead ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakakiita Chama cha Simbilisi. Simbilisi ni yule kijinyama kidogo ambaye wataalamu humtumia kujaribia dawa, nao walisema kwa mzaha kwamba wao ndio simbilisi wa McIndoe. Kwa utani huo huo walimchagua kuwa mweka hazina mtu aliyeungua miguu, asije akatoroka na fedha, na katibu wao alikuwa mtu aliyeungua vidole, asije akaandika barua nyingi. Vita vilipokwisha chama kilikuwa na wanachama 649, Waingereza, Wakanada, watu wa Australia na New Zealand, Wapolandi na wengineo. Walisaidiana kupata kazi, kuoa na kulea watoto, na waliendelea kukutana kila mwaka kwa zaidi ya miaka 60.

Si kila habari iliisha kwa furaha. Rubani mmoja, Richard Hillary, aliyetengenezewa kope na mdomo na McIndoe, aliandika mwaka 1942 kitabu kilichosomwa sana juu ya mateso yake. Akarudi kuendesha ndege, na Januari 1943 akafa ndege yake ilipoanguka usiku. Alikuwa na umri wa miaka 23.

KUJA KWAKE AFRIKA MASHARIKI

Baada ya vita, mwaka 1947, McIndoe alipewa cheo cha Sir. Alikuwa amechoka, na mikono yake ilimsumbua. Alianza kuja Afrika Mashariki kupumzika, akaipenda sana nchi hii, akawa na sehemu katika shamba kwenye mitelemko ya mlima Kilimanjaro.

Lakini mganga hapumziki. Huku aliwaona watu walioungua, waliojeruhiwa na wanyama, na watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, ambao walikaa mbali mno na hospitali yoyote. Mmoja wa wanafunzi wake, Daktari Michael Wood, alikuwa akifanya kazi ya upasuaji Afrika Mashariki, na mwenzao Tom Rees, Mmarekani, alikuwa naye amejifunza East Grinstead. Watu hao watatu walishauriana: kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari na amfikie mgonjwa kwa ndege. Hivyo mwaka 1957 likaanzishwa shirika la madaktari warukao, ambalo leo twalijua kwa jina la Amref, na makao yake makuu yako Nairobi. Ndege, ambayo vitani ilikuwa tanuri la kuwaunguza vijana, sasa ikawa chombo cha kuwaletea watu uponyaji. Wood aliiendeleza kazi hiyo mpaka uzeeni mwake, akafariki mwaka 1987.

KIFO CHAKE

McIndoe hakuishi kuona Uhuru wa Tanganyika. Alifariki usingizini huko London tarehe 11 Aprili, 1960, akiwa na umri wa miaka 59. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa la jeshi la anga la St Clement Danes, mjini London, heshima ambayo raia asiye askari hakupewa. Gillies, mwalimu wake, alifuata mwezi wa Septemba mwaka huo huo.

Mwaka 2014 wenyeji wa East Grinstead walimsimamishia sanamu. Inamwonyesha akiwa amesimama nyuma ya rubani aliyeketi, mwenye mikono iliyoungua, na mikono ya McIndoe imewekwa mabegani mwa kijana yule. Aliyeichonga, Martin Jennings, ni mtoto wa mtu aliyetibiwa na McIndoe.

FAIDA KWETU

Maisha ya mtu huyu yatufaa nini sisi wa Tarime na Serengeti?

Faida ya kwanza ni ya jikoni. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Mvueni bangili na pete kabla hajavimba. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, kisha mpelekeni kituo cha afya upesi. Msimpake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai, wala unga, wala samadi. Ikumbukeni tanini: jeraha lililopakwa vitu hugeuka kuwa jeraha bovu zaidi. Na likianza kupona, viungo vinyooshwe kila siku kama mganga atakavyoagiza, maana kovu likiachwa huvuta shingo ikashikana na kifua, na vidole vikawa ngumi isiyofunguka. Kadhalika, kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi, makovu huvimba na kukua mara nyingi zaidi, kwa hiyo yasipuuzwe.

Faida ya pili ni kwamba kovu la zamani si hukumu ya milele. Mkono uliokunjamana kwa miaka mingi aghalabu waweza kufunguliwa, na mdomo uliopasuka waweza kushonwa. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo asimfiche nyumbani. Aulize katika hospitali ya wilaya, naye ataelekezwa, pengine hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa mikoa ya Ziwa.

Faida ya tatu ni ya kila mmoja wetu, nayo haihitaji kisu wala fedha. Si wengi kati yetu watakaokuwa mabingwa wa upasuaji, ingawa twaomba watoke wawili watatu katika shule hii. Lakini kila mwanafunzi aweza kuwa mwenyeji wa East Grinstead. Yupo mtoto anayeketi nyuma ya darasa, kofia imeshushwa usoni, ambaye huogopa kengele ya mapumziko kuliko mtihani, kwa kuwa ndipo majina ya utani huanza. Yupo msichana aliyeacha shule kwa sababu ya shavu lake. Hao hawangoji ndege ya madaktari. Wangoja mwenzao mmoja aje aketi karibu nao, awaite kwa majina yao waliyopewa na wazazi wao, na awatazame machoni kama anavyomtazama mtu mwingine yeyote.

McIndoe alitumia kisu chake kwa miaka mingi, lakini alijua kwamba nusu ya dawa ilikuwa mikononi mwa watu wa kawaida. Nusu hiyo imo mikononi mwetu pia. Tuitumie.